Kisu cha Mbuzi na Kisu cha Nguruwe

Mjukuu wangu Agnesi amepata kazi ya kuwapikia mafundi wa barabara. Alikuja kuniaga na boksi la visu sita, kila kimoja na rangi yake: chekundu, cha njano, cha kijani, vingine sikumbuki. Nikamwuliza, "Kipi cha kazi gani?" Akasema, "Bibi, vyote vinakata." Nikachukua chekundu, nikamletea muhogo mbichi. Kikaingia hadi katikati kikakwama, tukabaki tunavutana, mimi huku na muhogo kule. Agnesi alicheka sana. Mimi sikucheka, maana najua siku tatu za porini zingemfundisha kwa ukali ambao sitaki umpate.

Basi haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wote mnaokwenda kupika mahali pasipo na kuta. Nimezeeka nikipika kambini, sehemu kubwa huku huku kwetu, kati ya Kasulu na Kibondo. Nitawaambia visu vya kuchagua na visu vya kukimbia. Na nitawaambia jinsi kisu kimoja kilivyokaribia kunirudisha kijijini kwetu Nyakitonto kwa shemeji yangu. Hilo la mwisho sijawahi kumwandikia mtu.

Nianze na huyo shemeji, la sivyo hamtaelewa kwa nini niliing'ang'ania kazi ile kwa meno na kucha. Mume wangu alifariki miaka ya sabini ikiwa bado mibichi, akaniacha na mtoto mmoja, Deo. Matanga hayajaisha, mdogo wake akaja akakaa mlangoni, akasema nyumba sasa ni yake na mimi pia ni wake, ndiyo mila. Nikamwambia nyumba achukue. Akacheka. "Utaenda wapi? Utazunguka weee, njaa itakurudisha hapa hapa." Deo nikampeleka kwa mama yangu. Mimi nikaenda kuomba kazi kwenye kikosi cha wapima barabara kilichokuwa kimepiga kambi karibu na kijiji chetu. Njiani nilijiapia: kupika nitapika, kuchota maji nitachota, kurudi sirudi.

Wakati ule wapishi wa kambini walikuwa wanaume watupu. Mpishi wa kikosi, Mzee Bonifasi wa Mabamba, macho yake yalikuwa yamekwisha kwa moshi. Alinipokea niwe msaidizi kwa sababu, alisema mwenyewe, alihitaji mtu wa kumtofautishia kitunguu na vidole vyake. Sikuona kama ni mzaha hadi nilipovitazama vidole.

Siku ya kwanza nilikuja na kisu changu kipya cha dukani, nimekinunua Kasulu mjini, kinang'aa hadi ungejitazama meno. Mzee Bonifasi akakigusa, akakiweka juu ya goti, akakibonyeza kidogo. Kikapinda, na kikabaki kimepinda.

"Hiki ni kioo," akasema. "Ukitaka kuchana nywele, kitumie."

Ndivyo nilivyoanza kusoma. Kisu cha kambini, alinifundisha, hukichagui kwa macho. Kwanza unatazama kitako cha mpini. Ukiona chuma kimepita ndani ya mti mpaka mwisho, hicho kitadumu. Ukiona mti mtupu, ujue chuma kimeingia nusu kidole tu, na siku utakapokuwa unatenganisha paja la mbuzi, wewe utabaki na mpini na mbuzi atabaki na kisu. Pili unatazama mgongo. Mgongo uwe mnene na makali yawe membamba, na unene upungue polepole kutoka juu kwenda chini. Tatu unakigonga kwenye jiwe na kusikiliza. Chuma kizuri kinalia, chuma kibovu kinakohoa. Mwisho unapaka mkono mafuta, ndiyo, mafuta ya kupikia, kisha unakishika kwa nguvu. Kikiteleza dukani, kitateleza zaidi ukiwa na damu mkononi na mvua inanyesha.

Visu vyetu vikubwa vilitoka kwa wahunzi wa kwetu, si dukani. Walichukua springi ya lori lililokufa, wakaifua hadi ikawa kisu cha urefu wa kiganja na kiganja kingine. Vilikuwa vyeusi, vibaya kutazama, na vilishika makali wiki nzima. Ukivitazama hivyo visu vyenu vya rangi halafu ukaviona vile, ungesema vile ni vya wachawi. Lakini muhogo haujali rangi.

Mahitaji yetu yalikuwa madogo. Kisu kikubwa kimoja cha nyama na mizizi, kisu kidogo kimoja cha kumenyea na cha vitunguu, na panga la kuni. Panga halikati chakula na kisu hakikati kuni, hilo Mzee Bonifasi alilisema mara nyingi kuliko alivyosali. Kuna methali kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Jamani, hiyo haikutungwa na mpishi. Kambini kwetu mwenye kisu kikali alikula wa mwisho, na mara nyingi alikuta mifupa.

Jambo lililonishinda kuacha ni kukatia mkononi. Nyumbani sisi wote tunakata nyanya kiganjani, kisu kinakuja kwenye dole gumba, tunapiga soga huku tunakata. Mzee Bonifasi alipoona alipiga kelele kama nimekanyaga nyoka. "Hospitali iko Kibondo, sisi tuko hapa! Weka juu ya gogo!" Sikusikia. Wiki hiyo hiyo nikajikata dole gumba nikikata nyanya, na mkono ukavimba hadi nikashindwa kusonga ugali. Mzee hakunilaumu. Alichonga ubao wa mti mkavu, akaniwekea mbele yangu. Ubao huo nikaubeba kambi zote zilizofuata.

Na kunoa. Nyinyi mnapeleka kisu mbele na nyuma kama mnaswaki. Jiwe lilowe maji, kisu kilale, mgongo uinuke kidogo tu kiasi cha kupitisha ukucha, na ukisukume kana kwamba unataka kulichuna jiwe ngozi. Mara kumi huku, mara kumi kule. Msijaribu makali kwa kidole, vidole mnavihitaji. Chukueni jani la mgomba, lining'inizeni, kisu kipite. Jani likikatika bila kutikisika, kazi imekwisha. Mkikosa jiwe, geuzeni bakuli la udongo wa kuchomwa, kitako chake kisichopakwa rangi kinanoa vizuri.

Kisu hakichokonoi moto. Hili lilinipatia adui, kwa hiyo lisikilizeni. Chuma kikipata joto kali roho yake inatoka, na ukikinoa asubuhi, mchana ni butu. Nyapara wetu, Ruhaga, mtu mwenye mwili mkubwa na ghadhabu ya karibu, alikuja jikoni siku moja akachukua kisu changu kikubwa, akakichomeka kwenye makaa ili atoe kaa la kuwashia sigara. Nilikuwa nimekaa na kikosi hicho mwaka na kitu, Mzee Bonifasi amekwisha kustaafu na kunikabidhi jiko. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Nyapara, wewe ukipima barabara unatumia chungu changu? Basi rudisha kisu changu." Watu walicheka. Ruhaga hakucheka. Tangu siku hiyo alisema waziwazi kwamba mwanamke jikoni kambini ni nuksi, kwamba ana mwanaume jirani yake anayejua kupika, na kwamba anasubiri kosa moja tu.

Sasa niwaambie kosa lenyewe.

Kikosi chetu kilikuwa na watu kumi na wanne, sita kati yao Waislamu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Hamisi, dereva wa lori, mtu wa Ujiji, mpole, msafi kupita kiasi. Desturi yetu ilikuwa ile mnayoijua: mnyama anachinjwa na Mwislamu ili sote tule chungu kimoja. Mzee Hamisi ndiye aliyechinja. Lakini huku porini nguruwe hawakosi, wanalima mihogo ya watu usiku kucha, na sisi Wakristo wengine tulimla. Mzee Hamisi hakukataza. Alisema, "Kuleni, lakini kuleni kule." Kwa hiyo nguruwe alipikwa ng'ambo ya kijito, kwa chungu chake na kisu chake, na vyote viwili vilikaa huko huko kwenye gunia lililotundikwa juu ya mti.

Kwa hiyo nilikuwa na visu vikubwa viwili, mhunzi mmoja, springi moja, mapacha. Mzee Bonifasi alivitofautisha kwa mipini. Cha mbuzi kilivikwa ngozi ya ng'ombe. Cha nguruwe kilizungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mweusi, unanuka, umechanika. Siku anaondoka alinishika mkono akasema, "Mpira huu usiutoe. Ukioza, funga mwingine."

Nami nikautoa. Tulipopita Kibondo nilimwona seremala akichonga mipini ya mninga, myekundu, laini, nikaona aibu kwa visu vyangu. Nikampa vyote viwili. Vilivyorudi vilipendeza hadi wanaume wa kambi wakapokezana kuvitazama. Hata Ruhaga alikishika kimoja akaguna. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilisema moyoni kwamba mimi ndiye mwenye visu, nitavitofautisha kwa macho, tena cha nguruwe kina pengo dogo karibu na ncha. Nikasahau kwamba macho huchoka na mvua hunyesha.

Ijumaa moja Mzee Hamisi na wenzake walipanda lori kwenda Kibondo msikitini, na kuleta mbuzi wa Jumamosi. Mimi nikapeleka visu vyote viwili kijitoni kuvinoa, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu. Nilikuwa sijamaliza wanakijiji wakaja na paja la nguruwe waliyemwua mihogoni, zawadi kwa kikosi. Mara mvua. Nikatupa kisu kimoja guniani, kimoja nikabaki nacho, nikakata nyama haraka haraka chini ya turubai. Tukala huko ng'ambo, tukashiba. Nikaosha kisu kwa majivu na maji, nikakitia guniani na kukitoa kile kingine, nikapeleka gunia mtini, nikarudisha cha mbuzi jikoni. Ndivyo nilivyoamini.

Jumamosi asubuhi nilikitoa kisu jikoni nimalizie kukinoa. Kilikuwa na pengo karibu na ncha.

Nikakimbia nacho ng'ambo ya kijito, nikashusha gunia. Ndani kulikuwa na kisu kizima, bila pengo, na kwenye shingo yake, pale chuma kinapoingia kwenye mninga, kulikuwa na mafuta meupe yaliyoganda. Nikaketi chini kwenye majani yaliyolowa. Kisu cha mbuzi ndicho nilichokatia nguruwe. Na kisu cha nguruwe kililala usiku kucha katikati ya vyombo vya watu sita waliokuwa wananiamini.

Kwanza niliwaza kila nilichokata tangu Ijumaa. Jioni watu wa lori walikula dagaa na maharage, na vitunguu nilikata kwa kisu kidogo. Asubuhi ilikuwa chai na viazi vitamu vya kuchemsha, visivyoguswa na kisu. Kwa hiyo hakuna aliyekula kibaya. Mungu alikuwa amenisitiri, na hapo ndipo shetani naye akapata la kusema. Kisu nimekwisha kukiosha. Nikikichukua hiki, nikakiosha tena, nikakirudisha mahali pake, nani atajua? Nikisema, Ruhaga amepata kosa lake alilokuwa akilisubiri, na Jumatatu nitakuwa juu ya lori, na shemeji atakuwa mlangoni. Nilimwona kabisa anavyotabasamu. Nilimwona Deo akimwita baba.

Nikakiosha. Sitawadanganya. Nilikisugua kwa majivu hadi mikono ikaniwasha, nikakinoa, nikarudi nacho kambini, cha pengo nikakiacha guniani, na nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza.

Mbuzi alikuwa amekwisha kulazwa kuelekea kibla, vijana wawili wamemshika. Watu wote walikuwepo, Jumamosi hatukufanya kazi. Kwa kawaida Mzee Hamisi alikipokea kisu, akakitazama huku na huku, akakijaribu kwenye ukucha. Siku hiyo alinyoosha mkono bila hata kugeuka.

"Lete, Mama Deo. Kisu chako mimi nimeacha kukikagua. Kukikagua ni kukutukana."

Angekikagua ningempa. Nasema kweli, angekikagua tu ningempa, na maisha yangu yangekuwa mengine.

"Mzee Hamisi, usikitumie," nikasema.

"Butu?"

"Si butu. Jana nimekatia nguruwe. Nilichanganya, vimefanana. Nimekiosha, lakini nimekatia nguruwe."

Vijana wakamwachia mbuzi, naye akasimama akatutazama. Mmoja wa wale sita, kijana wa Kasulu mjini, akatema mate pembeni. "Na jana jioni tumekula nini sisi?" Nikamjibu. Nikataja chakula kimoja kimoja na kisu kilichokikata. Sikuruka kitu.

Ruhaga alikuwa ameshafika mbele. "Nilisema! Nilisema mimi, hamkunisikia! Ndugu, funga mzigo wako. Jumatatu lori likienda Kasulu, na wewe umo."

Nikamtazama usoni. "Nimekosa, Nyapara, na nimesema mwenyewe, hakuna aliyenikamata. Ukinifukuza, nifukuze kwa kosa langu. Usinifukuze kwa uanamke."

"Yote mamoja!"

"Si mamoja."

Mzee Hamisi alikuwa bado amechuchumaa, mkono wake umebaki hewani vile vile, wazi. Akaushusha polepole. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Ningependa anitukane.

"Nileteeni maji," akasema. "Ndoo nzima. Na udongo, wa pale kichuguuni, msafi."

Vikaletwa. Akanyoosha mkono tena, na safari hii nilimpa kisu. Akalowesha udongo, akakipaka kisu chote, chuma na mpini, akakisugua, akamwaga maji. "Moja," akasema. Akamwaga tena. "Mbili." Hakuharakisha. Kila alipomwaga alihesabu kwa sauti, na wale watano wenzake wakasogea wakazunguka, hata yule aliyetema mate. "Sita." Maji yalikuwa yanakaribia kwisha. "Saba." Akakikung'uta.

"Sasa ni safi," akawaambia wenzake. "Ndivyo tulivyofundishwa."

Ruhaga hakukubali kushindwa. "Kisu sawa, Mzee. Je, mtu? Wewe kweli utakula tena chakula cha huyu?"

Mzee Hamisi aliinuka, magoti yakalia. "Nimekula kambi nyingi, Ruhaga, tangu wewe hujaota ndevu. Wapishi wangapi walikosea wakanyamaza, nami nikala nikashukuru, sijui. Huyu mmoja namjua."

Ruhaga aliwatazama wale sita, kisha akawatazama wale Wakristo aliodhani wako upande wake, na wote walikuwa wananitazama mimi. Akaenda akakaa kwenye gogo lake.

Mzee Hamisi akapitisha ukucha kwenye makali, akakunja uso.

"Udongo umekila," akasema, akanigeuzia mpini. "Noa, Mama Deo. Mnyama asiteseke."

Nikapiga magoti pale pale, mbele ya watu kumi na wanne na mbuzi mmoja, nikalowesha jiwe, nikanoa.